Setilaiti zipo tele, ni nani ameajiriwa kuzitazama?

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mafuriko ya 2024, na kila mvua zikikaribia linanipanda tena. Leo nalitema.

Jambo lenyewe linaanza na swali ambalo huulizwa kila maji yanapobeba watu: "Mbona Kenya haina setilaiti yake ya kutuonya?" Nimelisikia kwenye matatu, nimelisikia redioni, na kinachoniuma zaidi nimelisikia kutoka kwa watu wa kompyuta wenzangu ambao walipaswa kujua. Jibu langu ni hili: shida yetu si setilaiti. Picha zipo, zinashuka kila siku, na ni za bure. Tusichokuwa nacho ni ofisa mmoja ambaye kazi yake ni kuitazama picha ya leo, na ambaye picha ikionyesha maji yamevuka mstari fulani, sheria inamlazimisha kutuma ujumbe kwa watu wa chini ya mto kabla hajanywa chai.

Na tena, setilaiti tunayo. Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, ndani ya roketi ya Falcon 9. Ni kijisanduku kidogo unachoweza kukibeba kwapani, kiligharimu takriban shilingi milioni 50, na wahandisi wetu walikitengeneza wakisaidiwa na kampuni ya Bulgaria. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Vijana waliojifunza kazi pale ni hazina, sitaki mtu aseme nawadharau. Lakini Taifa-1 ina kamera, na kamera ni jicho. Jicho halioni kupita mawingu. Sasa niambie, mafuriko hutokea siku gani? Siku ya jua?

Hapa naomba mnivumilie kidogo niingie kwenye ufundi, maana ndipo uzito wa mambo ulipo.

Kuna setilaiti inaitwa Sentinel-1, ya Shirika la Anga la Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Hiyo haina kamera, ina rada. Inazunguka juu yetu kwa urefu wa karibu kilomita 700, inatuma mawimbi yake yenyewe kuja chini, kisha inasikiliza mwangwi. Mawimbi hayo yana urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, kwa hivyo wingu si kitu kwake, wala usiku si kitu. Ardhi ya kawaida ina mawe, majani, matuta, na yote hayo hurudisha mwangwi kidogo kidogo. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilichoinamishwa: mawimbi yakigonga yanaruka upande wa pili, hayarudi. Kwenye picha, basi, maji huwa meusi. Unachukua picha ya kabla ya mvua, unachukua ya baada, unalinganisha pikseli kwa pikseli, na kila iliyokuwa ya kijivu ikageuka nyeusi unaiwekea alama. Hiyo ndiyo ramani ya mafuriko. Kila pikseli ni mita 10 kwa 10. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika programu hiyo.

Mimi niliiandika Mei 2024, baada ya kukaa siku mbili nikitazama habari za Garissa na Tana River. Nilipakua picha mbili za bonde la Tana, kila moja karibu gigabaiti moja (bando langu la mwezi lilikwisha usiku ule), nikaketi na Python mpaka saa nane. Kosa la kwanza lilikuwa la aibu: ramani yangu ilionyesha "mafuriko" mahali ambapo hapajanyesha tone. Kumbe mchanga mkavu uliolainika nao hauirudishii rada kitu, unaonekana mweusi vilevile. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linaficha. Maji yakiwa chini ya miti au katikati ya nyumba, mawimbi hugonga maji, yakagonga ukuta au shina, yakarudi kwa nguvu, na mahali hapo panang'aa badala ya kuwa peusi. Maana yake ni kwamba kijiji kilichofurika kinaweza kuonekana kikavu kwa programu ya mvivu. Makosa haya yote yameandikwa tayari na dawa zake zinajulikana. Nilizisoma, nikarekebisha, na asubuhi nikawa na ramani ambayo nisingeionea haya.

Nikaipeleka kwenye ofisi moja ya umma. Sitaitaja. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti, ofisa akaitazama ramani kwa muda, akasema ni nzuri sana, kisha akaniuliza: "Barua iko wapi?" Barua gani? Barua rasmi, yenye muhuri, kutoka kwa taasisi, ya kuomba kuwasilisha ramani. Nikamwambia mimi sina taasisi, nina kompyuta. Akacheka kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Basi kaka, nikiipokea hivi hivi nitaiandika kwenye jalada gani?"

Nimelifikiria swali lake mara nyingi tangu siku ile, maana ndilo kiini cha kila kitu. Alikuwa sahihi. Hakukuwa na jalada. Hakukuwa na mahali popote katika kazi yake palipoandikwa kwamba ramani ya maji ikifika, fanya hivi.

Sasa linganisha na ukame, na hapa ndipo hasira yangu inapopata mashiko, kwa sababu kwa ukame nchi hii hii, yenye mafaili haya haya na mihuri hii hii, imeweza.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutumia kipimo kinachoitwa VCI. Setilaiti hupima ukijani wa mimea, kisha ukijani wa sasa hulinganishwa na ule wa msimu kama huo katika miaka iliyopita, mbaya kabisa ukiwa 0 na mzuri kabisa ukiwa 100. Wastani wa miezi 3 ukishuka chini ya 35, huo ni ukame wa wastani. Chini ya 20, mkali. Chini ya 10, wa kupindukia. Kila mwezi taarifa hutolewa kwa kaunti 23 kame. Na nambari hizo hazikai tu kwenye karatasi: zimefungwa na pesa. Kwenye mpango wa fedha za kaya katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ilikubaliwa mapema kwamba kipimo kikishuka chini ya mstari, kaya nyingine zaidi zitaanza kulipwa. Hapakuwa na haja ya waziri kuruka na helikopta kwenda kuangalia mizoga kwanza. Hata bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 ilijengwa juu ya wazo hilo hilo: mfugaji halipwi kwa sababu ameonyesha ng'ombe aliyekufa, analipwa kwa sababu setilaiti imeona malisho yameisha.

Sisemi mambo ya ukame yamenyooka. Muulize mfugaji yeyote wa Wajir kuhusu 2022 atakueleza. Ninachosema ni kwamba kuna mstari, kuna mtu wa kuusoma, na kuna kitu kinachopaswa kutokea ukivukwa. Kwa mafuriko mstari huo uko wapi?

Msinielewe vibaya kwa upande mwingine pia. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hutoa maonyo, na huyatoa mapema. Tatizo ni kinachofuata. Oktoba 2023 idara ilikuwa imeshatabiri mvua za kupita kiasi za El Niño, Rais Ruto akasimama hadharani akawaambia wananchi kwamba El Niño haitakuwapo tena kama ilivyotarajiwa, idara ikabidi ieleze upya kwamba mvua bado zitakuwa juu ya kawaida, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko. Hapo mlitaka setilaiti ifanye nini? Ishuke ipige magoti?

Halafu ikaja masika ya 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yalishuka na nyumba na watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mwanzoni tuliambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na miti, mawe na tope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa.

Nitasema ukweli hapa ingawa unapunguza nguvu ya hoja yangu. Hakuna setilaiti ambayo ingewaamsha watu wale usiku ule. Mwaka 2024 Sentinel-1 iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja tu, kwa sababu ya pili iliharibika Desemba 2021 na ya kuziba pengo lake ilirushwa Desemba 2024. Setilaiti moja hurudi kwenye njia ile ile kila baada ya siku 12. Maji yanayojikusanya kwa saa chache hayamsubiri mgeni wa siku 12. Anayewauzia habari kwamba setilaiti itaona kila kitu muda wowote anataka tenda, msimsikilize.

Lakini onyo la usiku huo si kitu pekee ambacho setilaiti ingetupa. Mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima urefu wa ardhi karibu dunia nzima kwa rada, na tangu 2014 vipimo vya Afrika vya mita 30 ni vya bure kwa yeyote. Ramani za reli, barabara na mito ziko OpenStreetMap, bure. Majengo yanaonekana kwenye picha. Ukiviweka vitu hivi pamoja unapata orodha ya kila mahali ambapo mto unapita chini ya tuta na watu wanalala upande wa chini. Hiyo si kazi ya satelaiti mpya wala ya mabilioni, ni kazi ya wiki chache kwa watu watatu, kisha inabaki mtu wa gumboti kwenda na sepetu kuangalia kama njia ya maji imeziba. Mafuriko ya Solai ya Mei 2018, bwawa la Patel lilipopasuka na kuua watu wasiopungua 47, yalikuwa yameshatufundisha kwamba adui yuko juu ya kilima na ana ukubwa wa kuonekana kutoka angani.

Na mnajua kilichofanyika baada ya Mai Mahiu? Siku tatu baadaye, tarehe 2 Mei, serikali ilitoa amri: watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame ndani ya saa 24. Mia moja sabini na nane! Kwa maneno mengine orodha iliwezekana. Ilipatikana kwa siku tatu, mazishi yakiendelea. Ingepatikana Februari.

Wiki hiyo hiyo kimbunga Hidaya kilikuwa baharini kikielekea Tanzania. Kila mtu alikiona kwenye picha ya setilaiti, lile duara jeupe linalozunguka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitoa taarifa baada ya taarifa, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na hata huku kwetu Pwani watu wakakatazwa kwenda ufukweni. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei. Wakati huohuo maji ya Tana yalikuwa yakishuka kutoka mabwawa ya juu, safari ya siku kadhaa mpaka Garsen na deltani, mwendo wa mtu kuhamisha mbuzi, watoto na magunia bila kukimbia. Kama kuna mafuriko yaliyoumbwa kwa ajili ya setilaiti ni hayo ya Tana: mto mrefu, tambarare, maji ya polepole. Tofauti ni kwamba kimbunga kina sura nzuri kwenye televisheni.

Sasa wale wanaosema, "Basi tukipata picha zaidi tutaamka." Hapana. Mwaka 2010 mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa na Wamarekani 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulikuwa umeshaona kwenye data ya mvua na mimea kwamba Pembe ya Afrika inaelekea pabaya. Walionya mwaka huo huo, wakaonya tena. Njaa ilitangazwa rasmi Somalia tarehe 20 Julai 2011. Hesabu iliyofanywa baadaye iliweka vifo kuwa takriban watu 258,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Hakuna aliyeweza kusema hakuona.

Halafu mwisho wa Januari 2025 tovuti ya FEWS NET yenyewe ikazimwa. Washington iligandisha misaada na taarifa tulizozizoea kwa miaka 40 zikatoweka kwa miezi, mpaka zilipoanza kurudi katikati ya mwaka. SERVIR nayo, iliyokuwa na kituo chake hapa Kasarani kwenye RCMRD tangu 2008, ilikuwa ya NASA na USAID, na USAID imefungwa. Nikumbushe kwamba RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani na mambo ya setilaiti, kiko Nairobi tangu 1975. Nusu karne! ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, kiko Ngong. Utaalamu wa kanda nzima uko umbali wa matatu mbili kutoka kwako, lakini pesa za kuufanya ufike kwa mzee wa mtaa zilikuwa zikitoka kwa mlipa kodi wa Ohio. Siwalaumu Wamarekani, pesa ni zao. Nashangaa tu tulivyoona ni jambo la kawaida.

Kuna pia mkataba wa kimataifa, ulioanza kazi mwaka 2000 kwa juhudi za Ulaya na Ufaransa, ambao ni kama namba ya dharura ya setilaiti. Janga likitokea, mashirika ya anga ya nchi nyingi huelekeza mitambo yao mahali hapo na kutoa picha bila malipo. Ni mpango mzuri mno. Lakini haujiamshi wenyewe: lazima mtu mwenye idhini apige simu, na hupigwa janga likiwa limeshafika. Ukiona mwanasiasa anausifia kama mkakati wa taifa, mwambie namba ya zimamoto si mpango wa kuzuia moto.

Na maziwa? Baringo, Nakuru, Bogoria, Naivasha yamekuwa yakipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Picha za Landsat zinarudi nyuma mpaka miaka ya 1970, na tangu 2008 ni bure zote. Unaweza kukaa na chai ukatazama ufuo wa Baringo ukimeza hoteli, shule na zahanati mwaka baada ya mwaka. Hilo si janga la kushtukiza, ni janga la kutembea kwa miguu. Hata hivyo hati za viwanja zimeendelea kubadilisha mikono mahali ambapo pikseli zilikuwa za bluu. Wakala wa ardhi anajua kufungua Google Earth, msidhani hajui.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kwa kila mto mkubwa, Tana, Nzoia, Nyando, Athi, pawekwe mistari kama ile ya VCI: mvua iliyopimwa na setilaiti juu ya bonde ikifika kiasi fulani, pamoja na kina cha mto kwenye vipimo vya ardhini, ni hatua ya kwanza, ramani ya rada ikionyesha maji yamepita mahali fulani, ni hatua ya pili. Data ya mvua ya GPM hutoka kila nusu saa na hufika baada ya saa chache. Mfumo wa GloFAS wa Ulaya hutoa makadirio ya mito ya dunia nzima kila siku, na hauombi hata senti. Kila hatua iwe na ofisa wake kwa cheo, na pesa yake ndani ya bajeti ya kaunti, si ya mfadhili. Na ujumbe uende kwenye simu zote zilizo chini ya minara ya eneo hilo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, Kipokomo, Kisomali, Kinyala, ukisema hama uende wapi. "Tahadhari kuhusu mvua kubwa katika maeneo mbalimbali" si ujumbe. Hiyo ni salamu.

Mtaniambia watu hawahami hata wakiambiwa. Mtu wa Budalangi ameambiwa ahame mara ngapi na maji yasije? Na ni mara ngapi yamekuja bila kuambiwa? Onyo likikosea mara kwa mara mtu hulipuuza, ana haki. Ndiyo sababu nataka ramani badala ya hotuba: ramani ikikosea inaonekana ilipokosea, na inarekebishwa, kama nilivyorekebisha mchanga wangu.

Programu yangu iko wazi, anayeitaka ataipata, na anayejua kuandika vizuri kuliko mimi aipasue aitengeneze upya. Ile ramani ya Tana ya Mei 2024 ninayo bado. Barua yenye muhuri sijapata wa kuniandikia.